Vijiko vya Bibi Zuwena

Wenzangu tuliochezea gololi vichochoroni Malindi zama za Mwingereza, bila shaka mnaikumbuka harufu ya Alkhamisi: udi, mkate wa kumimina na, nyumbani kwetu, ndimu na majivu. Bibi yangu, Bi Zuwena, alitandika mkeka akashusha fedha yake kutoka vidakani, vile vishubaka vya ukutani ambamo wengine walipanga sahani za Kichina. Buli, kibakuli cha sukari, vijiko kumi na viwili, vyote vya Kiingereza, vikongwe kuliko yeye. Alivikusanya kimoja kimoja minadani, kila Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao. Nilivisugua mpaka simba mdogo, muhuri wa fedha halisi, aliyegongwa mgongoni mwa kijiko akang'ara, na uso wangu ukaelea humo, mrefu kama papai.

Kuvitumia, hata siku moja. Dini imekataza kulia na kunywea vyombo vya fedha. "Nshakwambia," Bibi akisema, "hivi vya macho, si vya kinywa."

Nilikuwa na miaka kumi walipokuja wazee wa kijana mmoja kumposa Shangazi Rukia. Alimtaka yule kijana. Tangu asubuhi alikuwa akiimba jikoni. Nikatumwa kuwapelekea wageni chai. Kwa kutaka sifa, nikaimimina katika buli la fedha, nikapanga na vijiko.

Baba wa kijana, maalim wa chuo cha Kurani, alikigeuza kijiko.

"Fedha hii, mwanangu?"

"Naam, Maalim. Fedha tupu!"

"Na mwaitumia kila siku?"

"Naam. Kila siku."

Waliaga kwa adabu. Chai ikapoa.

Bibi alinichapa, akatuma mtu kuomba radhi: utoto tu. Jibu likaja kwamba mtoto mwenyewe kasema ni kila siku. Bibi akaniuliza. Nikaapa sikusema.

"Basi wanatusingizia," akasema, na posa ikafia hapo.

Shangazi aliolewa baadaye Jang'ombe, na mtu mwengine. Sikumsikia tena akiimba. Fedha Bibi aliirudisha mnadani, isipokuwa kijiko kimoja, ambacho Shangazi alinitilia mkononi siku ya harusi yangu.

"Chukua, baba. Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia."

"Mbona hukusema?"

"Ungechapwa tena."

Wajukuu zangu leo hupiga picha sahani kabla ya bismillahi, kisha hutupa vijiko vya plastiki bila kuvihesabu. Nawacheka, nawaonea wivu. Changu nakisugua kila Alkhamisi. Kukitupa siwezi, na kukilia siwezi.