Dume la Rambirambi

Marehemu rafiki yangu alikuwa bwana shamba na mimi ni bwana mifugo, lakini katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja Mwamapalala, yeye ndiye aliyekuwa akishika ng'ombe. Nalisema hili bila kinyongo. Wanaolijua wamekuwa wengi mno, na kulificha hakuna tena faida.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Kwetu ng'ombe ni mmoja, wakizidi sana wawili. Wanakaa bandani, wanaletewa majani kama wageni wanavyoletewa chai, na mama yangu akimwita wa kwetu kwa jina anaitika. Huyo ndiye ng'ombe niliyekwenda naye chuoni kichwani mwangu, na huyo ndiye niliyemtarajia nilipopangiwa mkoa wa Simiyu. Nilishuka stendi ya Bariadi na koti jeupe lililopigwa pasi, mabuti mapya ya mpira, na sanduku la vifaa nililolibeba upande wa watu ili lisije likakosa wa kuliona. Kesho yake nikapelekwa Mwamapalala, kwenye ofisi ya chumba kimoja na meza mbili. Meza ya pili ilikuwa yake.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenyeji wa Ipililo kule Maswa, na alikuwa na tabia ya kusikiliza huku ameinamisha kichwa upande kama kuku anayechungulia punje. Akanitazama mimi, kisha akalitazama koti.

"Karibu, Daktari," akasema. "Hilo koti litadumu mpaka lini?"

"Ninalo na la pili," nikajibu, nikiamini kwamba nimejibu swali.

Siku yangu ya kwanza ya kuchanja, wafugaji walileta ng'ombe tangu alfajiri. Sikuwa nimewahi kuona pembe nyingi kiasi kile zikija upande wangu, na zote zikija kwa pamoja. Yeye alikuwepo kwa sababu pikipiki ya ofisi ilikuwa moja na mimi nilikuwa sijui kuiendesha, jambo lingine ambalo chuo kilisahau kunifundisha. Ng'ombe wa kwanza akaingizwa kwenye kibanio, ule uchochoro wa magogo wa kumbana asigeuke. Nikamsogelea na sindano yangu. Akapiga gogo teke moja tu.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka kwamba nilikuwa juu ya uzio, sindano mkononi, na buti moja limebaki chini limesimama wima peke yake kama linaloendelea na kazi. Rafiki yangu akawaambia maneno machache ya Kisukuma, nao wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha akaingia, akamshika ng'ombe pua kwa mkono mmoja na pembe kwa mwingine, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Shuka, Daktari. Huyu ametulia."

Jioni, tukiwa kwenye pikipiki, nikamwuliza nyuma ya sikio, "Uliwaambia nini wale wazee?"

"Nimewaambia kwenu daktari huanza kwa kuwakagua kutoka juu."

Tangu siku hiyo ukawepo utaratibu ambao hatukuwahi kuuzungumza. Nikiwa na chanjo, yeye aliacha pamba za watu akasema ana shughuli upande uleule. Hakuwa na shughuli yoyote. Alishika ng'ombe, mimi nikachoma sindano, na nikirudi ofisini niliwasimulia wakubwa wa Bariadi jinsi kazi ya shamba ilivyo ngumu. Sifa zilikuja kwangu. Nilizipokea.

Siku moja tu nilikwenda peke yangu, kwa kiburi, kumwangalia ndama mgonjwa karibu na mto. Baba wa ndama, au mjomba wake, sikupata nafasi ya kuuliza, alikuwa dume jeusi lenye nundu kama gunia la pamba. Lilinipandisha kwenye mgunga. Mtu asiyeujua mgunga na apite karibu nao autazame: ule ni mti ulioota miiba kwanza, matawi baadaye. Nilikaa humo hadi rafiki yangu aliponifuata na pikipiki. Akaizima mbali kidogo, akakaa juu yake, akatoa michembe mfukoni, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akaanza kutafuna.

"Lifukuze!" nikapiga kelele.

"Dume la watu hili," akasema. "Nilifukuze kwa kosa gani?"

"Si unaona lilivyonifanya?"

Akainamisha kichwa. "Linakula majani, Daktari. Limekusahau zamani. Wewe ndiye bado unalikumbuka."

Ilikuwa kweli, lakini nilishuka pale tu lilipoondoka lenyewe. Akanichomoa miiba mgongoni bila kusema neno, na ofisini hakumwambia mtu. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa kunichomoa miiba. Kila mwisho wa mwezi alikwenda Ipililo kwa mama yake, mkewe na watoto, nami nikibaki nikimhurumia. Mtu asiye na maneno namna ile, nilijiuliza, akifika nyumbani huwaambia nini?

Kisukari kilimwanza polepole. Alikonda, akawa anakunywa maji kama shamba la mpunga, na mimi nikajifanya mtaalamu. Nikamkataza hiki, nikamwagiza kile, nikawa namtazama ulimi asubuhi kabla hatujasalimiana.

"Unanitibu kama ndama," akasema.

"Ndama wangu wengi wamepona."

"Wale niliokushikia."

Alipozidiwa wakamhamishia hospitali Mwanza. Nilimfuata na mfuko wa machungwa, nikafika nikaambiwa machungwa hayatakiwi, nikayashika mapajani muda wote kama mtu anayesubiri basi. Nikamweleza habari za ofisi, kwamba mlango unakwama, kwamba chai ya yule mama wa jirani siku hizi haina tangawizi. Yeye akasikiliza kichwa kikiwa upande, ingawa safari hii nadhani kilikuwa upande kwa sababu ya mto.

"Nikiondoka," akasema, "nani atakushikia ng'ombe?"

"Utarudi," nikasema.

"Jifunze, bwana. Ng'ombe hawana neno na wewe."

Nilimjibu mzaha fulani ambao sasa hata siukumbuki, naye akatabasamu kwa adabu. Kwenye basi la kurudi niliyala machungwa yote, nikilia, na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama ni machungu.

Hakurudi. Habari ilitufikia asubuhi wakati tunafungua ofisi, na ule mlango ukakwama kama kawaida, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuusukuma.

Watumishi tukakubaliana kupeleka ng'ombe msibani. Usukumani msiba wa mtu wa heshima hauendi bila ng'ombe, na yeye alistahili. Mkuu wetu akanigeukia mbele ya wote. "Daktari, wewe ndiye mtaalamu. Utachagua mnadani, na utampeleka mwenyewe." Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Nikasema, "Hilo niachieni."

Mnadani sikutazama misuli wala meno. Nilitafuta sura. Nikapita zizi kwa zizi nikitafuta ng'ombe mwenye sura ya mtu aliyekata tamaa, hadi nikaliona dume moja jekundu, macho nusu yamefumba, linacheua kama mzee anayesikiliza hotuba. Nikaona hili halitanisumbua. Likapakiwa kwenye lori, mimi nikakaa mbele na dereva, tukapita Maswa hadi Ipililo, na njia nzima nilikuwa nikirudia kimoyomoyo hotuba niliyoandaa kwa niaba ya watumishi. Ilikuwa na methali tatu na neno "adhimu".

Tulipofika, wanaume wengi walikuwa upande wa kaburi, nyuma ya nyumba. Wanawake walikaa mikekani chini ya turubai, kwenye kilio. Dereva na utingo wake wakaliteremsha dume kwa ubao, likashuka taratibu, lingali na usingizi. Utingo akaninyooshea kamba.

"Si wewe ndiye daktari?"

Waombolezaji walikuwa wananitazama. Nilikuwa nimevaa suti nyeusi. Nikaipokea kamba, na ili ionekane kwamba ninajua kazi, nikaizungusha mkononi mara kadhaa, jambo ambalo kila mchunga mbuzi wa mkoa mzima amekatazwa tangu anapojifunza kutembea.

Nyumba ya jirani kulikuwa na ng'ombe jike. Sikumwona. Dume lilimwona.

Tulipita mbele ya turubai pamoja, dume likiwa mbele. Hatua za mwanzo nilikimbia, zilizofuata nilijaribu kukimbia, kisha nikawa navutwa kwa tumbo katikati ya matuta ya viazi ya marehemu, nikiyasawazisha moja baada ya jingine. Kiatu kilibaki kwenye tuta. Nilikuwa napiga kelele, na niliambiwa baadaye kwamba nilikuwa naliomba dume kwa Kiswahili fasaha sana: "Tafadhali! Tafadhali, ndugu yangu!" Kamba ilifunguka yenyewe kwenye uzio wa jirani, na dume likasimama kando ya yule jike kwa utulivu uleule lililokuwa nao mnadani.

Nilipoinuka, kilio kilikuwa kimekatika. Nilirudi nikichechemea, suruali imepasuka kuanzia goti, udongo mdomoni, nikitamani kaburi lile liwe langu. Mama mzazi wa marehemu, bibi mdogo wa umbo aliyejitanda kaniki, alininyooshea kidole akamwambia jirani yake kwa Kisukuma. Maneno mengi yalinipita lakini moja nililijua: mgunga.

Mke wa marehemu alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Nikapiga magoti mbele yake.

"Shemeji, nisamehe. Nimeharibu msiba. Sikukusudia, shemeji..."

Akaishusha kanga. Machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka hadi anashindwa kuvuta pumzi.

"Shemeji," akasema alipoweza, "kumbe ni kweli! Alikuwa akituambia, sisi tukadhani anatia chumvi!"

Basi hapo turubai zima likapasuka. Kicheko kilianza kwa wanawake, kikawafuata wanaume kaburini, wakaja na majembe yao kuuliza, wakasimuliwa, nao wakacheka wameegemea mipini. Halafu, bila mtu kupanga, kilio kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza, na mimi nikalia nao nikiwa bado nina udongo mdomoni.

Ndivyo nilivyojua alichokuwa akisema akifika nyumbani. Yule mtu niliyemhurumia kwa kukosa maneno alikuwa msimuliaji mkuu wa Ipililo. Mwamapalala alinifichia kila kitu. Kwao hakuacha hata buti. Kila mwisho wa mwezi majirani walikuwa wakija na viti vyao kusikiliza mimi nimefanya nini. Watoto wake, niligundua, walikuwa na mchezo wao uitwao Daktari, ambao mmoja hupanda uzio na wengine hulia "moo".

Nikapewa suruali ya mdogo wake, ambaye naye ni mrefu, nikaikunja chini hadi ikafanana na maboya. Katekista aliponiita kusema kwa niaba ya watumishi, methali zote tatu zilikuwa zimebaki kwenye matuta. Nikasimulia siku ile ya kwanza ya kuchanja. Nilikuwa sijafika mbali mzee mmoja akanikatiza.

"Umeruka mahali, mwanangu. Kulikuwa na buti."

"Naam, baba. Kulikuwa na buti."

"Lilisimama."

"Lilisimama, baba."

"Haya, endelea."

Nikaendelea, wakinisahihisha hapa na pale, na kwa kweli simulizi yao ilikuwa nzuri kuliko tukio lenyewe. Kisha tukamzika. Nilitupa udongo wangu na nilikaa hadi wengi walipoondoka, kwa sababu sikujua nitafanya nini nikisimama.

Sasa wamemleta bwana shamba mwingine, binti kutoka Mbeya, mchapakazi, naye anaogopa ng'ombe waziwazi bila aibu, jambo ambalo sikujua kama linaruhusiwa. Tukiwa na chanjo tunawaomba wafugaji washike ng'ombe wao wenyewe. Wanashika. Wanasema walikuwa wakingoja tu kuombwa.

Pamba ikishauzwa huwa napitia Ipililo kumsalimia mama yake marehemu. Mara ya mwisho nilimkuta uani anabangua karanga za mbegu. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia na kunisogezea kigoda na ungo. Nikaanza na habari njema: nimepandishwa cheo, nimejifunza pikipiki, Bariadi wamenisifu mbele ya watu. Akabangua karanga zake. Nikaongeza kwamba napelekwa semina Dodoma.

"Vizuri," akasema, na akapiga mwayo.

Kwa hiyo nikamweleza habari za mbuzi aliyekula koti langu la pili likiwa kwenye kamba ya nguo, akamaliza mikono yote miwili, nami nikalivaa hivyohivyo kumpokea mgeni wa mkoa kwa kuwa sikulitazama. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akamwita mkwewe aliyekuwa jikoni aje asikie, na nikaambiwa nirudie tangu mwanzo, taratibu, na nisiruke mahali.