Mahali Alipolala Omollo

Joash Omollo aliendesha foklifti katika bohari moja upande wa magharibi wa Sydney kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote hakuangusha shehena hata moja. Waliofanya kazi naye, ukiwauliza, watakuambia hilo kwanza. La pili watakuambia kwamba alikuwa na hema.

Mara moja kwa mwezi, Ijumaa jua likiwa bado juu, Omollo alipakia hema, godoro jembamba, jerikeni mbili za maji, sufuria na koleo dogo la kukunja, akatoka nyumbani kwake Quakers Hill na kuvuka milima hadi kwenye msitu wa serikali, mbele ya mji wa Lithgow. Huko alishika Sabato peke yake, akarudi Jumapili. Si kwamba kulikuwa na kambi. Hakukuwa na lango, wala choo, wala bomba, wala mtu wa kuandikisha jina. Sheria iliruhusu mtu alale popote palipo wazi, mradi asipige hema karibu na kijito, achimbe shimo na kufukia haja yake, na atoke na kila alichoingia nacho.

Kanisani walimcheka. Mzee wa kanisa, Kamande, alikuwa wa kwanza.

"Ndugu Omollo, watu walipanda ndege ili waache kulala chini. Wewe unajaza petroli uende ukalale chini."

"Mzee, nyumbani nililala chini kwa kukosa kitanda," alijibu Omollo. "Huku kitanda ninacho. Kinaningoja."

"Na wanyama je?"

"Kangaruu hunitazama, anaona hakuna cha maana, anaenda zake."

Mkewe, Zilpah, hakucheka wala hakumzuia. Yeye aliwaogesha na kuwavisha wazee katika makao ya wazee siku tano kwa wiki, na mwisho wa wiki alichotaka ni kuketi. Kila mwezi Omollo alisimama mlangoni na funguo mkononi, akauliza, "Mama Achola, twende?" Na kila mwezi Zilpah alijibu, "Nenda na Mungu." Yalikuwa kama maamkizi. Hakuna aliyefikiri kwamba lilikuwa swali.

Siku moja tu alimuuliza huko hufuata nini. Omollo alikuwa akila. Alitafuna, akameza, ndipo akasema, "Bohari ina safu arobaini. Kila safu ina ngazi, kila ngazi ina namba. Hata mimi nina namba, iko hapa kifuani. Kule hakuna namba." Kisha akaomba aongezewe mboga.

Kisa chake kilichojulikana kuliko vyote ni cha safari ya kwanza, mwaka 2011. Aliamka alfajiri, akatoka hemani, akaona majani makavu ya mikaratusi yametapakaa kila mahali, na magome yaliyobanduka, na vijiti. Kwao Ugenya uwanja hufagiwa kabla jua halijapanda. Mtu anayeacha uwanja wake na majani ni mgonjwa au amefiwa. Basi Omollo alivunja matawi, akayafunga, akafagia kuzunguka hema hadi udongo mwekundu ukaonekana, safi kama sakafu. Akaketi kunywa chai, ameridhika. Mara gari la mlinzi wa msitu likasimama, na mzungu mmoja mwenye kofia pana akashuka.

"Nani amefagia msitu wangu?"

"Mimi, bwana," alisema Omollo, akisubiri kushukuriwa.

Mlinzi alimweleza, bila ukali, kwamba yale majani ndiyo yanayoushika udongo mvua inapokuja, na kwamba chini yake wamo wadudu wenye nyumba zao. Omollo alitumia asubuhi nzima kurudisha majani, konzi kwa konzi. Alipokisimulia kisa hiki kanisani watu walijishika mbavu. Kina mama walimwambia Zilpah, "Anafagia msitu wa serikali! Nyumbani je, amewahi kukuinulia hata ufagio?" Zilpah alisema la, hajawahi, na ilikuwa kweli. Mwanamume huyo hakujua hata ufagio unawekwa wapi.

Omollo alifariki Mei 2016, asubuhi ya Jumanne, akifunga kamba za viatu vya kazi. Moyo ulisimama. Bwana alitoa na Bwana alitwaa, na jina lake libarikiwe.

Ndugu zake walitaka azikwe kwao, na ilikuwa haki yao. Binti yake, Achola, ndiye aliyemsindikiza. Zilpah hakuweza kwenda. Goti lake la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji siku tisa kabla, na daktari alisema ndege ingeweza kumgandisha damu na kumwua naye. Aliyaona mazishi kwenye simu, ameinua mguu juu ya mto. Aliuona na moto pia, ule ambao Wajaluo huuita magenga: gogo kubwa linalowashwa uani mwa mwenye boma aliyefariki, na watu wake wakaketi kuuzunguka usiku na mchana. Picha ilikatika mara tatu. Mara ya nne betri ikaisha.

Miezi mitatu ilipita. Goti lilipona. Zilpah alirudi kazini, na watu wakasema amejikaza vizuri. Lakini lilikuwapo jambo moja lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakuwa ameketi kwenye moto wa mumewe. Ua wa nyumba yao ulikuwa wa kupanga, umezungushiwa mbao, na jirani angeita zimamoto kabla gogo halijashika. Ndipo alipofikiria msitu. Na alipoufikiria akagundua kwamba hajui ni wapi. Safari zaidi ya hamsini mumewe alikwenda, na yeye hakujua hata njia ya kukunja.

Alimwendea mzee Kamande kumwomba amwombee.

"Mama Achola, moto wa nini sasa?" alisema mzee. "Marehemu amelala mpaka parapanda. Hasikii baridi."

"Najua, mzee. Ninayesikia baridi ni mimi."

Mzee Kamande aliinamisha kichwa, akaomba, na hakuusema moto kwa ubaya tena.

Mtu mmoja tu aliwahi kwenda na Omollo. Huyo ni Balagizi, Mkongomani wa Bukavu, waliyefanya naye kazi bohari moja. Zilpah alimpigia simu. Balagizi alisema atampeleka, na mkewe Clarisse akasema haiwezekani mjane apelekwe porini na mwanamume wa mtu, yeye naye anakuja. Ilikuwa Jumapili ya Agosti. Wote watatu walivuka milima, gogo limelala nyuma ya gari kama abiria wa nne.

"Mahali penyewe unapakumbuka?" Zilpah aliuliza.

"Mama, mi nilienda mara moja, mwaka mbili zimepita," alisema Balagizi. "Kuna daraja ya mbao. Kisha barabara ya vumbi, ya pili ao ya tatu. Miti ya huku inafanana yote, sawa bazungu."

"Wewe!" Clarisse alimpiga begani. "Mama wa watu anauliza kwa moyo, unaleta mchezo."

"Si mchezo. Mwenyewe alikuwa anasema haiko na mahali. Alisema analala pale Mungu anamuonyesha."

Zilpah alitazama nje. Maneno hayo aliyajua, aliambiwa hayo hayo kila alipouliza amelala wapi. Kama ni kweli, basi hakukuwa na kitu cha kutafuta. Mtu aliyelala kila mara mahali pengine na kuondoka na kila kitu chake hana mahali. Gogo lingewashwa popote, na popote si mahali pake.

Waliingia barabara ya pili. Kila baada ya mwendo mfupi palikuwa na uwazi kati ya miti, na katika kila uwazi Balagizi alisimamisha gari. Pa kwanza palikuwa na mawe yaliyopangwa duara, na ndani yake makopo ya bia yaliyoungua nusu.

"Siye," alisema Zilpah, hakushuka.

Pa pili palikuwa na soksi na vipande vya chupa. "Siye." Pa tatu mtu alikuwa amepigilia msumari kwenye mti. "Siye." Clarisse alianza kuhesabu kwa vidole. Baada ya saa mbili vidole vilikwisha, na jua lilikuwa limeanza kuinama. Walikuwa wamepita mahali kumi na tatu, na Zilpah alikuwa amepatambua pote kwa haraka, kama mtu anayechambua nguo na kuona mara moja shati ambalo si la mumewe. Alichoogopa ni mahali pasafi. Mahali pasafi pangeweza kuwa pake, na pangeweza kuwa msitu tu.

Barabara ya tatu iliishia kwenye uwazi mdogo. Hapakuwa na mawe, wala jivu, wala kopo. Majani makavu yalifunika kila kitu.

"Bon," alisema Balagizi, akazima gari. "Inafanana. Lakini kama nasema ni hapa, nadanganya."

Zilpah alishuka, akasimama katikati. Palikuwa kimya. Alingoja moyo umwambie kitu, moyo haukusema. Aliomba kwa sauti ndogo, na bado hapakuwa na lolote ila majani.

Clarisse alikuwa amechukua koleo na kwenda nyuma ya miti kwa haja yake. Sauti yake ilitoka huko kwa nguvu.

"Mama Achola! Kuja! Kuja mbio!"

"Ni nyoka?" aliita Balagizi.

"Baridi hii, nyoka gani? Wewe baki, sijavaa vizuri. Mama akuje!"

Zilpah alikwenda akichechemea. Clarisse alikuwa akijifunga kitenge kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alielekeza juu, penye panda ya mkaratusi mnene. Ufagio ulikuwa umechomekwa pale. Fito nyembamba, zimefungwa sana upande wa juu kwa mkanda wa buluu wa plastiki, ule wanaofungia mizigo boharini.

Zilpah aliushusha. Fito zilikuwa zimelika upande mmoja, zimekatika kwa mshazari. Aliushika kwa mkono wa kulia, ukakaa vibaya. Akauhamishia wa kushoto, na ule mshazari ukalala sawa na ardhi. Omollo alikuwa wa shoto.

Balagizi alifika, akautazama. "Eh. Alikuwa anafagia, ndiyo. Asubuhi yote. Mi nilijua mama anajua."

"Aliambiwa aache."

"Aliambiwa arudishe majani. Alikuwa anarudisha. Kupanga vitu kwa gari ni dakika kumi, kurudisha majani ni saa nzima. Nilimwambia, mzee, twende, jua litatuacha. Akasema, mwenye nyumba akikusamehe mara moja usimtafute mara ya pili."

Zilpah alianza kucheka. Alicheka akijishika kiuno, kisha machozi yakaja juu ya kicheko, na Clarisse akamshika bega. "Miaka ishirini na mbili," alisema Zilpah alipoweza. "Miaka ishirini na mbili simwoni na ufagio. Kumbe anao wake."

Basi alifagia. Goti lilimsumbua, lakini hakumpa mtu. Alifagia duara pana katikati ya uwazi hadi udongo mwekundu ukatokea, na ndipo alipoona kwamba udongo wa hapo ulikuwa mgumu, umekanyagwa na kuchakaa chini ya yale majani, kama uwanja wa mtu. Balagizi aliteremsha gogo. Walipika ugali, wakala na samaki, na moto ukashika vizuri. Clarisse aliimba wimbo wa kanisa kwa Kishi, lugha ya kwao Bukavu, Zilpah akauitikia kwa Kijaluo, na Balagizi, ambaye hakujua kuimba, aliusukuma moto. Zilpah aliketi upande wa upepo, moshi ukampata, hakuhama. Alimsimulia marehemu mambo mawili matatu ya nyumbani: Achola amefaulu mitihani, bomba la jikoni limetengenezwa. Kisha akamwambia Mungu asante kwa miaka aliyopewa. Baada ya hapo aliketi tu mpaka gogo likawa makaa.

Asubuhi majani yaliganda kwa baridi. Walimwaga jerikeni nzima juu ya makaa, wakakoroga, wakamwaga tena, na Zilpah akagusa jivu kwa mgongo wa mkono mpaka akaridhika. Walilichota wakalizika. Halafu wakaanza kurudisha majani, konzi kwa konzi. Balagizi alinung'unika kidogo, akarudisha.

Ufagio ulibaki mikononi mwa Zilpah.

"Beba, mama," alisema Clarisse. "Utaweka kwa nyumba, utakuwa ukumbusho."

"Fito ni za msitu," alisema Zilpah.

Alitafuta mwisho wa mkanda kwa ukucha, akaulegeza. Fundo lilikuwa gumu, lilimchukua muda. Fito zilipoachana alizitawanya chini ya miti, moja hapa, nyingine pale, mpaka hazikutofautika na vijiti vingine. Mkanda wa buluu, ambao haukuwa wa msitu, aliukunja akautia mfukoni.

"Niweke alama kwa simu?" Balagizi aliuliza akiwa kwenye usukani. "Siku ingine tusizunguke."

Zilpah alifikiri. "Acha," alisema. "Yeye hakuweka."

Gari liligeuka. Kwenye kona Zilpah aliangalia nyuma kuutafuta mti wenye panda. Miti ilikuwa mingi, na mingi ilikuwa na panda, na hakuweza tena kusema ni upi.