Gari Lililozaa Petroli

Panya wa Musoma miaka ile ya uhaba walikuwa na njaa kama sisi, tofauti ni kwamba wao hawakupanga foleni. Pikapu ya mama mmoja wa mtaa wa Mukendo ilibeba dagaa wa Bukima kila wiki, na harufu ilikuwa imeingia mpaka kwenye vyuma. Panya walipopanda wakakuta dagaa wameshashushwa, wakaona wasirudi bure, wakala waya. Walianzia nyuma kwenye tenki, wakapita chini ya sakafu, wakamalizia nyuma ya dashibodi, kama watu waliopewa ramani.

Mimi nilikuwa fundi umeme wa magari. Mchana nilitengeneza, jioni nilisoma na watu wazima wenzangu, na muda si mrefu nilikuwa nimefaulu fizikia. Cheti nilikibeba kwenye mfuko wa shati mpaka kikachukua umbo la kifua changu. Ukiniuliza saa ngapi, nilianza kwanza na mzunguko wa dunia.

"Fundi," yule mama aliniambia, "honi sitaki, taa nitavumilia. Mimi nipe mshale wa joto."

Alikuwa na sababu. Pikapu ilikuwa imewahi kuchemsha, na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapelekwa Mwanza kusawazishwa. Fundi wa huko aliirudisha na salamu: chuma kimebaki chembamba, gari likichemsha tena afugie kuku. Nyingine haikupatikana, hata kwa kibali. Mama alikuwa mjane, na pikapu ile ndiyo ilikuwa shamba lake, duka lake na ng'ombe wake. Sasa mshale wa joto ulikuwa umelala, na yeye alikuwa anaendesha kwa kunusa.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kwenye injini kuna sensa, kidude cha shaba kinachopima joto la maji na kupeleka habari kwenye mshale kwa waya mmoja. Ndani ya tenki kuna boya, nalo linapeleka habari za petroli kwa waya mwingine. Panya walikuwa wamekata zote mbili. Kwa kawaida kila waya una rangi yake, hupotei. Lakini miaka ile ukiingia dukani ulikuta rafu na mwenye duka, na mwenye duka alikuwa anauza rafu. Waya niliopata ulitoka kwenye mashine mbovu ya kusaga, na wote ulikuwa mweusi. Nikaunga, nikalehemu kwa risasi niliyokwangua kwenye redio iliyokufa, nikafunga viungo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Vilikuwa viungo vizuri. Ungeweza kuvuta meli navyo.

Kesho yake asubuhi mama akasema twende wote Butiama, kwa mama yake, na gunia moja la dagaa. Kama kuna kasoro, ionekane nikiwa karibu. Aliendesha mwenyewe. Alikuwa amejifunzia kwenye trekta la kijiji kule Bugwema, na mpaka leo sijaona mtu anayekata kona kwa heshima kama ile.

Alipowasha, mshale wa petroli ukalala kwenye sifuri.

"Fundi, jana nimeweka debe zima."

"Mshale umelala muda mrefu, mama. Unaamka pole pole."

Na kweli ukaamka. Tulipotoka mjini ulikuwa robo. Tulipofika Makutano ulikuwa nusu. Mshale wa joto wenyewe ulikuwa umetulia chini, baridi kabisa, kama mtu aliyeoga ziwani. Nikakunja mikono. Tulipoiacha barabara ya Bunda na kuanza kupanda kuelekea Butiama, petroli ikavuka nusu, ikazidi kwenda juu.

Mama akakigonga kioo cha mshale kwa ukucha. Kisha akasema, "Wewe ndiye umesoma. Gari inapanda mlima, petroli inaongezeka. Inakuwaje hiyo?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo asiyesoma asingelifanya. Nilikuwa na jibu. Nikamweleza kwamba vitu vyote vikipata joto vinapanuka, na petroli kuliko maji, na jua la Mara mnalijua. Nilieleza vizuri mno. Nadhani nilitaja mpaka reli. Mshale ukakaribia kujaa.

"Mimi nilikuwaga nachunga ng'ombe," mama akasema, taratibu tu. "Ng'ombe akivimba tumbo bila kula, hatusemi ameshiba."

Akasimamisha gari pembeni na kuzima injini.

Tulipofungua boneti, joto lilitupiga usoni kama kufunua sufuria ya ugali wa harusi. Mpira mmoja wa rejeta ulikuwa unavuja. Maji yalikuwa bado hayajachemka, ila yalibakiza kitambo kidogo sana. Mama hakunigombeza. Alikaa kwenye jiwe, akaitazama ile silinda hedi kama mtu anayemtazama mgonjwa akivuta pumzi.

Injini ilipopoa, nikakaza ule mpira na tukaongeza maji ya dumu kidogo kidogo. Akawasha. Haikugonga, haikutoa moshi mweupe; hedi ilikuwa salama. Nikauchomoa waya wa kile kidude cha shaba, na mshale wa petroli ukaanguka. Basi kesi imekwisha: petroli ilikuwa inasoma joto, na joto lilikuwa linasoma petroli. Nilikuwa nimezichanganya nyuma ya dashibodi, nyeusi na nyeusi.

"Zote nyeusi, mama," nikajitetea.

"Na ng'ombe wa baba yangu walikuwaga weusi wote. Wa jirani nao weusi. Tulikuwa tunawachanganya?"

Akatoa kisu cha dagaa chini ya kiti. Akakata vipande viwili vya tyubu kwenye kile nilichobeba, kimoja akakitia pengo moja ukingoni, kingine mapengo mawili, vile wanavyokata masikio ya ng'ombe kwao. "Moja petroli. Mawili joto. Funga." Nikazibadilisha zile waya nyuma ya dashibodi, nikafunga kila moja kwa kipande chake. Mshale wa joto ukasimama katikati, mahali pake, na hivyo ndivyo tulivyoingia Butiama, mama akiutazama kuliko barabara.

Miaka ilipita, biashara ikafunguliwa, na maduka ya Mukendo yakajaa waya wa rangi nyingi kuliko kanga. Nikanunua nyekundu na kijani, nikaenda kwake kwa fahari kurekebisha kazi yangu. Pikapu ilikuwa bado inakwenda Bukima, na silinda hedi ilikuwa ile ile nyembamba.

Mama alipeleka mkono nyuma ya dashibodi, kule kwenye giza ambako hata mimi huwa naomba tochi. Akapapasa bila kuangalia.

"Hii petroli," akasema. "Hii joto. Za kwako zinasemaje huku ndani?"

Nikauchungulia ule mwanya. Sikuona nyekundu wala kijani. Nikazikunja waya zangu, nikazirudisha mfukoni nyuma ya cheti, na nikamwomba kile kisu, nami nijifunze kukata mapengo.