Mgongo wa Picha

Miaka ya tisini nilikuwa studio moja mjini Shinyanga nikisubiri picha za pasipoti, akaingia mchimbaji kutoka Geita, buti bado zina udongo. Akaweka kwenye kaunta picha mbili za mtoto mchanga.

“Hii mke wangu alinitumia Krismasi, hii Pasaka. Nguo tofauti, lakini mtoto hajaota hata jino. Huyu ni wangu au ameazimwa?”

Mpiga picha alizigeuza taratibu, akaweka kidole kwenye mhuri wa studio yake. Zote zilikuwa na tarehe moja.

“Mama yake alikuja na magauni matatu ya mtoto,” alisema. “Aliniambia kijijini kwao Didia ni mbali, hawezi kuja kila mara.”

“Na hiyo picha ya tatu?”

“Nadhani utatumiwa Krismasi ijayo.”

Mchimbaji alizitia picha mfukoni mwa shati. “Sisubiri. Naenda kumwangalia meno mwenyewe.” Akauliza basi la Didia linapakia wapi.

Siku hizi wapwa wangu wananionyesha watoto wao kwenye simu, wote wanacheka. Nikiwaambia wakazisafishe picha hizo studio, zitoke kwenye karatasi, wananiona mshamba. Basi naichukua simu, naigeuza. Nyuma naona kava tu.