Kinanda cha Mzimu

Mwezi uliopita binti yangu alinionyesha kwenye simu ile filamu ya mzimu tuliyoitazama utotoni kule Izigo. Nikakaa vizuri, nikasubiri kuogopa. Wapi! Muziki wote wameung'oa, wamebandika midundo ya disko. Nilikasirika mpaka nikamrudishia simu yake kabla mzimu haujatokea.

Pengine wewe hukuiona. Filamu yenyewe ilikuwa ya ovyo, tusidanganyane. Mzimu ulivaa shuka na saa ya mkononi. Aliyeitengeneza alikuwa mchuuzi wa samaki aliyepata fedha visiwani, akataka na sifa. Lakini muziki, jamani! Aliupiga mwalimu wetu wa kwaya kwa kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga. Alipotaka mlio wa hatua za mzimu, alikwenda kwa jirani yetu aliyekuwa akikamua ndizi za pombe ya rubisi kwa miguu, akaweka redio kaseti ya kurekodia pembeni ya mtumbwi wa kukamulia. Nyayo zikifinya ndizi na majani, fyo, fyo, polepole, na kinanda kikihema nyuma yake. Nywele zinanisimama hata sasa ninapoandika.

Tuliitazama kwenye banda la video, tumekalia magogo, harufu ya kahawa iliyoanikwa nje inatujia. Bibi yangu, ambaye hata nyoka hakumwogopa, alijifunika kanga usoni akapiga kelele, "Waitu, jamani, zimeni sauti, picha acheni!" Baada ya hapo hakuna mtoto aliyekubali kutumwa migombani peke yake.

Mwalimu aliomba jina lake lisiandikwe. Wazee wa kanisa wangemtenga: kinanda cha ibada kuupigia mzimu, tena na pombe humo humo! Tuliojua ni sisi watoto wa kwaya tu, na tulinyamaza.

Sasa anaishi Ijuganyondo kwa mwanawe. Sikio la kulia limezima. La kushoto linasikia ukipaza sauti, na daktari amesema nalo linakwenda. Nilipomweleza walichoufanyia muziki wake, alinishika mkono. "Mwanangu, nataka niusikie mara moja tu. Na utolewe kwa jina langu. Wazee wale wote wamekwisha kufa."

Nikampigia mchuuzi. Akasema kaseti ya muziki ule anayo, moja tu. Nikavuka ziwa mpaka kisiwani kwake, natapika njia nzima. Alinipeleka kwenye dagaa walioanikwa. Juu yao utepe wa kahawia ulikuwa umefungwa mti hadi mti, unapepea, unafukuza ndege.

"Wajukuu," alisema, akiangalia chini.

Nilikaa mchangani nikalia. Vipande nilivikusanya, lakini vimepauka kwa jua, havitoi hata mlio.

Banda la video siku hizi ni duka la vipuri vya pikipiki. Migomba ya bibi imenyauka yote, na kinanda kililiwa na mchwa. Hayo nimeyakubali. Hili siwezi. Mikanda ya filamu ile ilizunguka mabanda ya Muleba na Bukoba mjini, lazima mmoja umebaki mahali. Kama uko kwenu, hata kama umeota ukungu, hata kama waigizaji wanapayuka juu ya kinanda, nakuomba, nipe. Nitautoa muziki ule, na jina lake juu. Ila fanya haraka, ndugu yangu.

Jana niliinama kwenye sikio lake la kushoto. "Tunautafuta, Mwalimu!" Akasubiri, ananitazama mdomo. Nikapaza sauti mpaka majirani wakachungulia.

"Mwanangu," akasema, "mbona husemi?"