Bahari kwa Chungu Kimoja cha Maharage

Vumbi likinyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa lina harufu yake, na wewe uliyelelewa kwenye nyumba ya udongo unaijua. Juzi nilikuwa nafagia ua hapa Tunduma. Mjukuu wangu, badala ya kushika ndoo, ameshika simu, ananiambia kutoka uwanja wa ndege wa Dar mpaka Bombay ni kama saa sita. Harufu ile na maneno yale vikanirudisha kijijini kwetu, Mbebe.

Kaka yangu Ambakisye alipelekwa India na misheni kusomea udaktari wa ng'ombe. Nyumbani kwetu, mtu akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka ijulikane amefika. Ukifagia mapema umefuta nyayo zake, hatarudi. Hilo halikuwa na mjadala. Na kwa kuwa kufagia ilikuwa kazi yangu, nilifurahi, nisikufiche.

Wiki chache baadaye mwinjilisti wetu akaja. "Mama Ambakisye, fagia tu. Ndege inavuka bahari kwa saa chache. Kijana alishafika."

Mama hakuacha kupepeta. "Mpaka Dar, malori yalimchukua karibu wiki, na hiyo ni nchi kavu. Saa chache ni chungu changu cha maharage. Bahari nzima ivukwe maharage hayajaiva?"

Watu wakacheka, na hesabu ya mama ikakubalika: bahari ni kubwa kuliko nchi, basi safari ni ya miezi.

Tukakaa hivyo. Maganda, majivu, mavi ya kuku, vyote vikalala pale pale. Funza wakaniingia vidoleni, nikawa natembelea visigino, na furaha yangu ikaishia hapo. Shangazi, dada yake baba, akasimama mlangoni ameinua kanga.

"Wifi, sasa humu tupande mahindi?"

"Panda," mama akasema. "Mwanangu bado yuko juu ya maji."

Hata baba, naye akichechemea, aliugusa ufagio mara moja tu. Mama alimtazama, baba akaurudisha.

Mvua zilikuwa zimeanza mwinjilisti aliporudi na salamu kutoka misheni. Ambakisye ni mzima, alifika siku ile ile aliyopanda ndege.

"Siku ile ile?"

"Ile ile, mama."

Mama hakupiga vigelegele. Akachukua ufagio mwenyewe, mimi hakunipa, akafagia polepole nyumba nzima, kisha akabaki amesimama mlangoni.

Nilidhani anaona haya kwa kukosea hesabu. Nilikuwa mtoto. Binti yangu alipokuja kupanda ndege naye, ndipo nikamwelewa mama. Mtoto akiwa njiani bado ni wako, bado kuna kitu unaweza kumfanyia, hata kama ni kuvumilia funza. Akishafika, mambo yake ni ya huko.

Mama alimsikia mwinjilisti vizuri tangu siku ya kwanza. Saa chache zilimtosha rubani. Yeye hazikumtosha.