Mihogo Haina Mama

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa pua kabla ya macho. Nakumbuka harufu ya breki zinazoungua. Ilinirudia juzi ulipoleta gari lako la kwanza nilione, ukaniambia kuna rafiki yako pale Masasi ataitia nguvu injini yake, tena anakufanyia kwa mapenzi tu. Nilikurudishia ufunguo, nawe ukadhani nimeridhika. Sikuridhika. Huyo rafiki sijamwona, hata jina lake silijui, lakini simwamini, na leo nitakueleza kwa nini.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Korosho zilikuwa zimeanza kununuliwa na watu binafsi, magari ya mitumba yakawa yanapandishwa huku juu mlimani Newala, na kijana aliyevuna vizuri aliweza naye kuitwa mwenye gari. Mimi nikanunua pikapu ndogo nyeupe, ya kubebea korosho na maji. Shida ya maji ya huku kwetu unaijua mwenyewe, kwa hiyo mwenye gari alisalimiwa hata na watu wasiomjua. Udereva wangu ulikuwa mchanga bado. Kila nilipotaka kubadilisha gia ilinibidi niitazame kwanza.

Gari lile lilipanda mlima polepole, malori yakinipita, na vijana wenzangu wakinicheka. Ndipo akaja fundi mmoja wa Mkunya, tulimwita Baba Hamisi, mtu wa maneno matamu. Akaniambia gari langu ni zima ila halina moyo. Alikuwa na injini kubwa aliyoitoa kwenye basi dogo lililopata ajali. Angenifungia, na malipo hataki, nimwachie tu ile ya zamani. Mimi nikaona bahati imenifuata mpaka mlangoni. Injini ikafungwa, na kweli gari likawa linakimbia. Wale waliokuwa wakinipita nikaanza kuwapita mimi, na kichwa kikavimba, sikufichi.

Msimu huohuo baba yako, Saidi, mtoto wa dada yangu, alikuwa jandoni Mkunya, na siku ya kutoka ilikuwa inakaribia. Unajua kwetu mwali, kijana aliye jandoni, ni wa mjomba wake. Baba mzazi hukaa pembeni, na mtoto akiumia anayeulizwa ni mjomba. Zamani wari walitolewa jandoni wakibebwa mabegani, ngoma mbele, wanawake wakipiga vigelegele. Lakini miaka ile tulikuwa tumeanza fasheni nyingine: wari wanavikwa suti na miwani myeusi, wanapakiwa nyuma ya gari, wanateremshwa Masasi kupigwa picha studio. Nikatangazia kijiji kizima kwamba safari hii wari watashuka na gari langu, na watu watuone tunavyokwenda.

Sasa mimi nami nilikuwa na mjomba wangu, mzee aliyekuwa akiishi hapo Mkunya. Usukani hakuwahi kuushika maisha yake. Alikuwa mtu wa kushuku. Ukimpa chai asiyoiomba, ataitazama kwanza. Nilipokwenda kumwambia habari ya safari nilikuwa na fundi, nimemchukua ili asifie kazi yake mwenyewe. Tukatoa shikamoo, mzee akaitikia marahaba, kisha akainuka akalizunguka gari, mikono mgongoni.

"Injini ile ya zamani ilikuwa mbovu?" akauliza.

"Haikuwa mbovu, mzee. Dhaifu tu," fundi akajibu.

"Sasa wewe unaitakia nini?"

Fundi akacheka, akaanza habari za vipuri. Mjomba hakucheka. Akauliza kama breki nazo zimeongezwa nguvu. Fundi akasema breki ni zilezile, zinatosha kabisa.

"Basi vizuri," akasema mjomba. "Na wewe, Baba Hamisi, si una mwali humo jandoni? Hamisi wako tutampakia wa kwanza, akae pamoja na Saidi."

Nilimwona fundi anavyobadilika uso. Akajifuta mikono, akaitazama mikorosho kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka huko. "Hamisi nitambeba mwenyewe mabegani, mzee," akasema. "Mila zetu tusizitupe."

Huyo ni mtu aliyekuwa akizicheka hizo mila tangu alipoanza kufunga ile injini. Mjomba akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama nimesikia. Nikasema nimesikia, ila gari ni langu na ninalijua, halina neno. Ujana huo, mwanangu, unaujua.

Hakunigombeza. Aliwaita watu wakapakia magunia ya mihogo nyuma ya pikapu, mpaka akaona uzito unalingana na ule wa wari. Kisha akapanda mbele, akakaa karibu yangu.

"Tushuke Masasi sasa hivi," akasema. "Mihogo haina mama."

Kona za mwanzo nilizikata kwa madaha, huku namwangalia mjomba kwa pembe ya jicho nione kama ameshangaa. Hakushangaa, alikuwa ameshikilia mlango tu. Halafu mteremko ukazidi. Gari likawa linakwenda kuliko nilivyotaka, nami nakanyaga breki, naachia, nakanyaga tena. Harufu ikaanza kuingia dirishani. Mara pedeli ikazama mpaka chini na gari halikujali. Niliogopa, mwanangu, nikasahau hata kupunguza gia. Mjomba alisema neno moja tu, "Kushoto," na kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo pale mlima ulipochongwa kupitisha barabara. Nikaligongesha hapo.

Tulitoka wazima, yeye amechanika kidogo kwenye paji la uso. Nilipotazama nyuma ya pikapu sikuona gunia hata moja. Yote yalikuwa yamerushwa bondeni, ng'ambo ya barabara. Mengine yalipasuka, na mihogo ikatapakaa juu ya mawe, imevunjika vipandevipande. Mjomba akateremka akishikilia vichaka, akaiokota ile aliyoweza kuifikia, akaifunga kwenye shuka lake. Alipopanda akanikabidhi.

"Mpelekee dada yako," akasema.

Nilimpelekea. Dada akashukuru, akauliza mbona imevunjika hivi, nikamwambia imeanguka njiani. Akaipika, akanitengea, akakaa karibu yangu kunionyesha kitambaa cha suti alichomnunulia Saidi. Nikaisukuma sahani pembeni.

Saidi alitoka jandoni juu ya mabega yangu. Alikuwa mzito, akanichubua shingo, na nilikuwa nalia njia nzima. Fundi alikuwa mbele yangu na Hamisi wake.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Gari la kwanza liendeshe kama lilivyokuja. Panda nalo, shuka nalo, mvua na kiangazi, mpaka mikono yako ijue lenyewe linaweza nini na wewe unaweza nini. Ukiwa na hamu ya kuongeza kitu, anza na breki na matairi, mambo ambayo hakuna atakayekusifia barabarani. Na mtu akikuambia gari lako halina nguvu, usitazame injini, mtazame yeye. Muulize atapata nini. Kisha mwambie ampandishe mwanawe, mshuke wote mlima huu. Akikubali, njoo unicheke mimi mzee mwenye shaka zangu. Akianza kukuambia habari za mila, chukua ufunguo wako uende nyumbani.

Mungu akujalie safari za kwenda na kurudi. Akupe mguu mwepesi na masikio yanayosikia, na kila unapotoka, mama yako akuone unaingia mlangoni kwa miguu yako mwenyewe. Na huyo rafiki yako mlete. Magunia ninayo, na mihogo mwaka huu imekubali.